Namba ya Chini

Kila Jumatano alasiri, maktaba ya Duluth
hunipa meza kando ya hita
na kibao kidogo: MSAADA WA WASIFU WA KAZI.
Arvid Niemela alikuja na theluji mabegani
na karatasi moja, kaikunja mara nne
kama anayeficha deni.

Nikasoma: Mchapakazi. Mwenye ari. Hushirikiana vyema na wenzake.
Arvid, nikamwambia, hata punda wa kukodi
angeandikiwa hivi.
Akachekea puani.
Cheti cha mitandao, alichokihenyea usiku miaka miwili,
kilijibanza chini kabisa,
chini ya "napenda uvuvi wa barafuni".

"Hujawahi kutengeneza mtandao wa mtu?"
"Wa kulipwa, hapana."
"Sikukuuliza malipo."

Hita ikakohoa.
Kisha, polepole, kama anayejitoa mwiba,
akanisimulia ghorofa ya chini ya kanisa la Walutheri:
mazishi yalikuwa yarushwe kwa wasioweza kutoka,
picha ikaganda, mchungaji kinywa wazi.
Alitambaa nyuma ya boila, tochi kaiuma kwa meno,
akakuta panya kautafuna waya mpaka shaba.
Nyuzi nane. Akazipanga upya kwa rangi —
nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu —
akizitaja kama watoto wa tumbo moja, mkubwa hadi kitinda mimba,
vidole vikizibana hewani mbele yangu.
Na bado. Printa na kamera zilikuwa na anwani moja,
mafahali wawili, zizi moja.
Akaihamisha printa.
Wazee thelathini na mmoja, kila mtu kwake,
wakamzika mwenzao.

"Hili umeliandika wapi?"
"Hili si kazi. Hili lilikuwa Jumamosi."

Basi tukafuta. Ari ikaenda, uchapakazi ukaenda.
Tukaanza na vitenzi:
Nilipima. Nilikata. Niligundua. Nilirejesha.
Cheti tukakipandisha juu kama mgeni anayepewa kiti.
Likabaki pengo, Machi mpaka Novemba.
Alitaka tuzivute tarehe za kiwanda cha samaki zilifunike.
Nikakataa. Andika ulichofanya.
Akaandika: nilimuuguza mama.
Akafuta mama, akaweka mzazi.
Akamrudisha mama.

Wiki tatu, maombi kumi na manne,
hakuna aliyepiga.
Nikaanza kuishuku kazi yangu, pambizo, ukubwa wa herufi.
Jumatano ya nne hakutokea,
nikaipiga ile namba iliyo chini ya jina lake.
Ikaita mara tano. Kisha mashine, na sauti ya mwanamke,
nzito, ya mtu anayezuia kicheko:
Hapa ni kwa akina Niemela. Ama tunapasua kuni, ama tumelala.
Acha neno.
Kisha mlio. Kisha: kisanduku kimejaa.

Nikakaa na simu mkononi.
Mtu huyu, ajuaye kwamba pakiti ya anwani mbovu
huruka kutoka ruta hadi ruta
mpaka uhai wake uhesabiwe sifuri,
ndiye aliyewatuma waajiri kumi na wanne
wakabishe kwa marehemu.

Alipokuja sikumwambia nilichosikia.
Nilisema: siku hizi watu hutuma ujumbe,
tuongeze ya mkononi.
Akanitazama. Akatazama hita.
"Hiyo laini nailipia dola ishirini na mbili kwa mwezi,"
akasema, kama aliyeulizwa na mtu wa kodi.

Ya mkononi tukaiweka juu, herufi nzito.
Ile nyingine hakuifuta.
Aliishusha, mstari kwa mstari, kidole kwenye kitufe,
akaiacha mguuni mwa ukurasa, herufi za saizi saba,
pale palipokuwa na uvuvi.

"Na uvuvi?" nikamuuliza.
"Uache," akasema. "Barafu bado nyembamba."